Kila Kilichoingia Jichoni mwa Suzana

Jumatatu, 15 Machi 1999

Kwako Daktari Machibya,

Shikamoo. Umesema niandike kwenye daftari hili kila siku kila kitu kinachoingia kwenye jicho la Suzana. Sijawahi kuandika kitu kisichokuwa barua, kwa hiyo naanza kama barua, usinicheke. Mimi Renatha sijambo, kifua tu kinanibana nikiwaza. Baba Suzana, yaani Projest, hajambo, yuko kiwandani zamu ya asubuhi anakata minofu. Suzana mwenyewe, miaka tisa, hajambo mwili wote isipokuwa hilo jicho la kulia unalolijua. Mdogo wake Antoni, miaka minne, hajambo na anakula kwa wawili. Mama yangu mzazi, Ma Kokulinda, yuko Kamachumu, barua yake ya mwisho ilisema hajambo ila magoti. Jirani yetu wa uani, Getruda, Mama Luhaga, hajambo, na Luhaga mwenyewe ameota meno mawili. Kuku watatu nao hawajambo. Sijui kama nao wanahitajika.

Haya. Leo asubuhi kabla ya kuja kwako nilimwosha Suzana uso kwa maji ya kuchemsha yaliyopoa, nikamtia maji ya baraka, nikamfuta kwa kitambaa kipya, nikampaka mafuta. Nesi Gladness akaja na kile kijiti chenye pamba, akamfunua kope, akanigeukia.

"Mama, umeosha usaha wote. Sasa mimi nichukue nini?"

"Ningemleta mbele ya daktari na matongotongo?"

"Ndiyo, umlete nayo! Hii mara ya tatu. Mara mbili tumepanda, hakuna kilichoota."

Ndipo ukatoka wewe, ukanieleza. Ukasema mnapanda ule usaha kwenye sahani yenye kitu kama uji ulioganda, mnangoja vidudu viote kama mchicha, mnavijua kwa majani yake. Vya Suzana havioti. Ukasema kuna wazungu waliokuwa wakizunguka vijiji vya ziwani kwa ajili ya ugonjwa wa vikope, wiki hii wanarudi kwao, na huko wana mashine isiyongoja kitu kiote. Kila chenye uhai kimeandikwa ndani yake, hata kikifa maandishi yanabaki, na mashine inayasoma. Nikauliza yameandikwa kwa lugha gani. Ukacheka, ukasema ni herufi nne tu. Nimeliwaza hilo njia nzima mpaka Kirumba. Mimi nimefika darasa la nne, nilipewa herufi zote, na bado barua inanitoa jasho. Herufi nne, halafu ziandike mtu, na mgomba, na uchafu wa jicho!

Nilielewa uliponiuliza, "Mgeni akifika kwenu Uhayani mnamuuliza nini?" Nikasema, ukoo wake. Ukasema, "Basi na huyu mdudu tunamuuliza ukoo."

Ukamkwangua kidogo sana pale penye doa jeupe. Suzana alinishika kidole mpaka kucha ikaingia. Kikatiwa kwenye kichupa, kinakwenda Ulaya kabla yetu sote.

Umetaka pia niandike lilivyoanza. Mwishoni mwa Februari Suzana alikuwa anamsaidia Getruda kuparua mapanki, yale mafupa ya sangara yanayotoka kiwandani minofu ikishakatwa. Getruda anayaosha kwenye pipa lake, anayakausha, anauza. Mwiba wa pezi ukaruka ukamchoma jichoni. Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi mtoto alikuwa na jicho jekundu na shavu limelowa maziwa, maana Getruda alimkamulia maziwa yake mwenyewe kama wanavyofanya. Siku hiyo sikusema neno. Nasema sasa.

Jumanne, 16 Machi

Maji ya baraka asubuhi, kisha matone ya daktari mara sita. Jioni vilevile. Mvua kubwa.

Jumatano, 17 Machi

Kama jana. Mvua.

Jumamosi, 20 Machi

Nimegundua anayelipitia daftari ni nesi Gladness, na anatazama ukurasa wa mwisho tu, zile saa za matone, anapiga tiki nyekundu kama mwalimu. Daktari ana watu benchi mbili zimejaa mpaka nje. Basi sitaandika "wewe" tena, naona kama nazungumza na ukuta. Projest ananiuliza, "Unamwandikia nani?" Nikamjibu, "Namwandikia jicho."

Maji ya baraka kwanza, ili dawa iangukie mahali safi. Matone mara sita.

Jumamosi, 27 Machi

Leo nimelitapika nililokuwa nimelimeza.

Jua lilitoka kidogo, Getruda akatandaza mapanki yake uani. Suzana amekaa mlangoni amejifunika kitenge maana mwanga unamchoma. Getruda akamwita, "Ng'wanawane, mwanangu, njoo nikuone." Nikamwambia asimguse mwanangu.

"Nisimguse kwa nini?"

"Kwa yale maziwa uliyomkamulia. Tangu siku ile jicho halijapumzika."

Akasimama, mikono imejaa magamba. "Renatha. Maziwa haya ndiyo yanayomlea Luhaga. Mama yangu alinitibu hivi, na yeye alitibiwa hivi na mama yake."

"Na mwiba ulitoka kwa nani?"

"Kwa sangara!" Wapangaji wote wakacheka. "Mkamate sangara, mpeleke kituoni."

Mimi sikucheka. Miaka sita uani humu ananiita Mama Suzana. Leo ameniita Renatha, na mimi sikujua kwamba jina langu mwenyewe linaweza kuuma.

Maji ya baraka. Matone sita. Doa limekuwa kama punje ya mtama.

Jumapili, 4 Aprili. Pasaka

Baada ya misa tulipanga foleni kwenye maji yaliyobarikiwa. Chupa yangu ilikuwa imebaki na robo. Katekista akaniambia, "Mama, mwaga hayo nikujazie mapya." Nikasema hapana, jazia juu yake. Akashangaa, akajaza.

Hakujua. Chupa hii, ya kijani, mama alinipa siku naondoka Kamachumu kuja Mwanza kuolewa. Akaniambia, "Hii usiikaushe. Ukipata mapya, jazia juu ya yale ya zamani. Baraka haimwagwi." Yeye alifanyiwa hivyo na mama yake. Miaka kumi na miwili sijaikausha. Nikiwaza kwamba ndani humo bado mna tone la maji ya mwaka wa harusi yangu, napata nguvu. Leo imejaa mpaka shingoni.

Nikamtia Suzana matone matatu. Akasema yanampoza.

Tulipika ndizi. Getruda hakuleta sahani yake ya Pasaka, nami sikupeleka yangu. Antoni akauliza mara tatu, "Mama Luhaga amesafiri?"

Alhamisi, 15 Aprili

Projest amerudishwa nyumbani pamoja na wenzake wengi. Ulaya wamekataa samaki wa ziwa letu, kiwanda hakina pa kupeleka minofu. Amekaa kitandani na viatu vyake vya mpira. Akasema, "Samaki wetu hawawataki, usaha wetu wameuchukua." Tukacheka mpaka machozi, kisha nikaona yeye hacheki tena.

Maji ya baraka. Matone sita, na dawa ya tyubu waliyoongeza. Halijabadilika.

Ijumaa, 16 Aprili

Kama jana.

Jumamosi, 17 Aprili

Kama jana. Mvua imebomoa choo.

Jumatatu, 26 Aprili

Majibu yamekuja!

Nesi alituma mtu asubuhi. Nikamwosha Suzana haraka, maji ya baraka, gauni la kanisani, tukapanda kilima mvua ikitunyeshea. Daktari alikuwa ameshika karatasi ya faksi, ile inayoteleza. Akasoma jina la mdudu, refu, la Kilatini, nikadhani ni la mtakatifu.

"Mashine imemsoma," akasema. "Ni wa ukoo mmoja na mdudu wa kifua kikuu."

Sikusikia lililofuata. Nilisikia kifua kikuu tu, na nikamwona Suzana amekonda kitandani, na watu wa Kirumba wakinong'ona yale wanayonong'ona kwa kila mwenye kifua kikuu siku hizi. Daktari akanigusa mkono.

"Mama Suzana. Ukoo mmoja, siyo nyumba moja. Huyu hakohozi mtu. Haambukizi. Ni mvivu, anaota polepole, ndiyo maana sahani zetu tulizitupa kabla hajachomoza. Na wewe kila ukija umemwosha. Lakini maandishi yake yalibaki."

"Ana dawa?"

"Anayo. Siyo hii tuliyokuwa tunampa. Naiagiza Dar."

Nikaomba kuyaona hayo maandishi. Akanionyesha ukurasa wa pili. A na C na G na T, mstari juu ya mstari, hakuna nafasi, hakuna nukta. Nikauweka kidole kwenye mstari mmoja nikausoma wote. Sikuelewa kitu, lakini niliusoma. Suzana akaniambia, "Mama, hiyo hata mwalimu wetu hawezi."

Nilirudi nikiimba. Kwenye geti la uani nilikutana na Getruda anasukuma toroli. Nilitaka kumwambia. Nikamshikia geti tu apite.

Jumatatu, 3 Mei

Dawa imefika. Kila saa moja, tangu asubuhi mpaka analala. Nesi amenichorea saa pembeni ya ukurasa. Kabla ya tone la kwanza nikamsafisha kwa maji ya baraka na nikasali Salamu Maria kumi.

Jumanne, 4 Mei

Maji ya baraka. Matone kumi na matatu. Mvua.

Jumatano, 5 Mei

Maji ya baraka. Kumi na matatu. Anasema dawa inachoma, nikampoza tena kwa maji ya baraka.

Jumatatu, 10 Mei

Limepungua! Upande wa pua limekuwa jembamba. Projest amepata kibarua cha kutoa magugu maji kwenye gati, amerudi ananuka tope na amefurahi. Maji ya baraka, kumi na matatu.

Jumapili, 16 Mei

Upande wa sikio limechomoza jingine. Dogo, jeupe, kama chumvi. Sikuenda kanisani. Nilimshika uso nikamtazama mpaka akasema, "Mama, unaniumiza shingo."

Maji ya baraka mara nne leo. Nimeongeza.

Alhamisi, 20 Mei

Daktari leo hakutabasamu. Alimulika, akazima, akamulika tena. Akasema, "Mdudu tunamjua. Dawa ni yake. Kama haponi, basi kuna mahali analetwa upya kila siku." Akavuta kiti karibu. "Huyu kwa kawaida haishi jichoni. Anaishi kwenye maji yaliyotuama. Matangi, mapipa, mabomba ya zamani. Nyumbani mnamwosha kwa maji gani?"

"Ya kuchemsha, daktari. Kwenye birika, nafunika."

Ni kweli, sikumdanganya.

"Karibu na nyumba pana maji yaliyotuama?"

Nikaliona pipa la Getruda kama limewekwa pale ofisini. Lile la kuoshea mapanki, na Suzana alikuwa analichezea. Nikalisema. Nikasema na maziwa. Nikasema vyote. Nilikuwa nimekaa navyo tangu Februari, vilitoka kama vimesukumwa.

Jumatatu, 24 Mei

Nitaandika hili polepole.

Bwana afya, Mihayo, alikuja saa nne na vijana wawili na karatasi. Akachukua maji ya pipa kwenye chupa ili nayo yapelekwe kupimwa. Kisha akasema mpaka jibu lirudi, hapa hakuna kuosha mapanki. Vijana wakalipindua pipa. Maji yakatambaa uani kote, kuku wakaruka.

Getruda alikuwa anamnyonyesha Luhaga. Hakusimama.

"Nani amesema?" akamuuliza.

"Ni amri ya afya, mama."

"Afya haina mdomo. Nani amesema?"

Mihayo akatazama karatasi yake. Mimi nilikuwa mlangoni na kichupa cha dawa mkononi. Getruda akanitazama, akaona alichotaka kukiona.

"Sawa," akasema. "Jibu likirudi kwamba pipa langu ni safi, nani atanirudishia hizi siku? Utanirudishia wewe, Mama Suzana?" Safari hii alinirudishia jina langu, na lilikuwa zito kuliko lile la Machi.

Matone kumi na matatu. Maji ya baraka. Nikamtilia mengi, yakamwagikia shingoni.

Jumapili, 30 Mei

Maji ya baraka, kumi na matatu. Jioni Getruda ameanza kufulia watu nguo. Mvua zinaisha, sasa ni manyunyu tu.

Jumatatu, 7 Juni

Madoa yamekutana, yamekuwa doa moja, limefunika nusu ya mboni. Daktari amesema kioo cha jicho kimelika, kimebaki chembamba kama ngozi ya kitunguu. Kikipasuka, ubaya unaweza kuingia ndani kabisa. "Nimefika mwisho wa njia yangu," akasema. "Alhamisi tarehe kumi na saba tutalitoa. Jumatano umlete alazwe." Suzana alikuwa amekaa hapo hapo, anahesabu vigae vya sakafu.

Nilisema, "Daktari, hili la kulia ndilo analosomea." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Watu husoma kwa yote mawili.

Yeye kesho anakwenda Nansio kwenye kliniki ya macho ya kisiwani, atarudi Jumatano hiyohiyo. Tunaondoka akaniita mlangoni.

"Lile daftari bado unaandika?"

"Kila siku."

"Kosa langu sijalisoma. Lisome wewe, mwanzo mpaka mwisho. Dawa tumezibadilisha mara mbili. Tafuta kisichobadilika."

Maji ya baraka. Kumi na matatu.

Ijumaa, 11 Juni

Nilichelewa kulisoma kwa sababu niliogopa. Leo mchana nilikaa na Suzana kwenye mkeka. Yeye ndiye alisoma kwa sauti, kwa jicho la kushoto, mkono umefunika la kulia. Anajifunza. Mwandiko wangu anaujua. Kila kitu kilichotiwa jichoni akakiwekea njiti ya kiberiti chini. Matone ya kwanza, fungu. Dawa ya tyubu, fungu dogo. Dawa ya Dar, fungu.

Akafika Mei tano akasimama.

"Mama, haya maji ya baraka mbona yapo kila mahali?"

"Ndiyo, yapo."

"Sasa fungu lake liko wapi?"

Sikuwa nimemwambia ayawekee fungu. Hata yeye hakulifikiria. Birika ni maji. Pipa ni maji. Chupa ilikuwa sala. Nani anahesabu sala?

Akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza upya. Njiti ziliisha, akaendelea kwa maharage. Likawa fungu moja kubwa kuliko mengine yote, halina siku iliyoruka, isipokuwa siku ambazo sikuandika, na hizo nazo nilimtia.

Nikaenda kuileta ile chupa. Nikaishika mlangoni kwenye jua, kitu ambacho sijakifanya tangu nimepewa, maana huwa inakaa kabatini nyuma ya sanamu ya Bikira. Maji ni meupe. Lakini kioo kwa ndani, kuanzia kitako mpaka begani, kina utando. Nikaingiza unyoya wa kuku. Ulitoka na ute, unateleza, kama ulimi wa ng'ombe.

Waitu, jamani. Kumbe nilikuwa namsafishia njia.

Nilikaa chini. Suzana akaniuliza, "Ni mimi niliyekosea kuhesabu?" Nikamwambia, "Hapana, mama yangu. Wewe umehesabu vizuri sana."

Projest aliporudi nilimwonyesha. Akasema, "Chana hizo kurasa. Sema zililowa mvua tu. Watasema wewe ndiye uliyempofusha, na watasema kanisa limempofusha, na mama yako atakufa kwa aibu."

"Nikichana, wataendelea kumtafuta mdudu kwa Getruda."

"Wamtafute. Jibu litamtoa."

"Lini? Na Alhamisi jicho litakuwa limeshatolewa kwa sababu daktari haelewi mdudu analetwa na nini!"

Akatoka nje. Baadaye akaja akakaa karibu yangu, akachukua daftari, akasoma tangu salamu za kuku. Akafika mwisho akasema, "Mpelekee. Usichane."

Tangu mchana hakuna maji ya baraka. Matone kumi na matatu tu. Ni siku ya kwanza.

Jioni, kati ya tone na tone, nilipita parokiani. Padri akasikiliza yote. Nikamuuliza kama nimemtukana Mungu. Akasema, "Maji ya baraka, mama, yakizeeka humwagwa ardhini, kwenye mizizi ya mti. Siyo dhambi. Nani aliwaambia hayamwagwi?" Sikutaka kumtaja mama. Nikasema, "Ndivyo tunavyopendana."

Jumamosi, 12 Juni

Alfajiri nilienda kwa Getruda. Alikuwa anasuuza shuka za watu. Nilipiga magoti kwenye tope. Akasema, "Inuka, unanichafulia maji." Nikamweleza hukohuko chini. Nikamwonyesha chupa na ule unyoya.

Aliugusa kwa ncha ya kidole. Kisha akaanza kucheka, cheko baya, akikandamiza tumbo. "Kumbe mchawi ni chupa ya mama yako! Na mimi nimefua suruali za wavuvi wiki mbili!"

"Getruda, nisamehe."

"Sijakusamehe." Akajifuta macho kwa kiwiko. "Daktari yuko wapi?"

"Nansio. Jana nilimwomba nesi alifute jina la Suzana kwenye orodha, anasema anayefuta ni daktari. Simu ya Nansio haipatikani. Na mimi siwezi kumwacha mtoto, dawa ni kila saa, na Projest mikono yake mizito."

Akamfunga Luhaga mgongoni. "Meli inaondoka saa tatu. Nina shangazi Nansio, yule Ndalahwa muuza mihogo, nitalala kwake. Naenda kwa ajili ya jicho la mtoto, maana mimi ndiye niliyemwita siku ile aje kuparua. Wewe tutaonana nikirudi."

Anaoga sasa. Naandika haraka.

Daktari Machibya, nakurudia wewe kama nilivyoanza. Shikamoo tena. Anayekupa daftari hili ni Getruda, Mama Luhaga, ambaye nilimsingizia mbele yako. Mwambie Bwana Mihayo amrudishie pipa lake, hata kabla ya jibu. Chupa iliyofungwa kwenye kanga ni yangu. Nimeiacha na maji yake na ute wake, sijaisuuza. Safari hii sijasafisha kitu. Mkaisome hiyo kwa zile herufi nne, mwone kama ukoo ni mmoja na wa jichoni. Moyo wangu unaniambia ni mmoja, lakini moyo wangu uliniambia pia ni pipa, kwa hiyo usiusikilize.

Mkono uliomtia ni wangu. Uliuliza maji gani, nikasema ya birika. Sikukudanganya, lakini sikukwambia.

Ninachoomba ni hiki. Dawa uliyompa haijawahi kupewa nafasi, kila nilipoitia niliitangulizia adui wake. Tangu jana mchana hakiingii kitu kingine jichoni. Inawezekana kungoja? Siku kumi, au tano, au zozote ambazo ile ngozi ya kitunguu inaweza kuhimili? Wewe ndiye unayejua kama itahimili. Mimi sijui, na sitaki tena kufanya kama najua. Asubuhi hii Suzana alitoa kitenge usoni mwenyewe, akasema mwanga hauumi sana kama jana. Sijui kama ni kweli au anataka nifurahi.

Getruda atakaa kwenye benchi la kliniki mpaka umwandikie, usimwache aondoke mikono mitupu. Meli inarudi Jumatatu. Andika haraka, hata neno moja, ngoja au leta. Kama ni leta, nalo liandike upesi, nipate siku mbili za kumwambia mwenyewe kwa mdomo wangu, asije akalisikia kwa nesi.